Blanketi la Vipande Mia na Themanini

(Mazungumzo ya amani yaliyosemwa redioni na mama mmoja wa Bukavu. Tunayachapa kama alivyoyatoa.)

  Katika mazungumzo haya mmezoea kuwasikia wazee wa kimila, waalimu na wakubwa wa kartie. Leo wameniita mimi, muuza sambaza sokoni, niliyejifunza kushona nikiwa tayari na wajukuu wawili. Niliwaambia wenye redio: juu ya amani sijui kusema, juu ya blanketi najua kidogo. Wakanijibu: basi mama, sema juu ya blanketi.

Mnaokaa Bukavu mnaijua baridi yetu. Mji uko juu, karibu meta 1,500, na mvua ikinyesha jioni mtoto mdogo anatafuta tumbo la mama yake usiku kucha kama kifaranga. Mwenye nyumba ya matofali anaweza kusahau. Sisi tuliokuwa katika nyumba za mbao huko Kadutu hatukuweza kusahau. Mimi nilifika hapo kutoka vilima vya juu ya Kalehe, na wajukuu wawili, sufuria moja, na kikwembe nilichokuwa nimejifunga. Nyumba yangu ilichomwa usiku. Sitaeleza zaidi, kwa sababu wengi wenu mnaweza kuimaliza hadithi hiyo bila mimi.

Karibu na tulipopanga alikaa mama mmoja fundi wa nguo, mwenye mashini mbili za kukanyaga kwa mguu. Aliwaita wanawake wa kartie waje kwake Jumatano na Jumamosi baada ya saa nane kujifunza kushona, bila malipo, ila kila mtu alete sindano yake. Tulikuwa tisa. Wengine walizaliwa Bukavu, wengine tulikuwa wakimbizi wa ndani. Na sisi wakimbizi hatukutoka kilima kimoja. Kulikuwa na sisi wa kilima hiki, na wale wa kilima cha ng'ambo, ambao vijana wao, kama tulivyosema kwetu, ndio walioshika bunduki. Wao kwao walisema hivyo hivyo juu yetu. Mama fundi alijua. Alitukalisha wote juu ya mkeka mmoja kwa sababu alikuwa na mkeka mmoja tu.

Nilifikiri tutaanza na rinda au shati. Akakataa. Alisema nguo inataka mwili, ina bega, ina kwapa, na mwanafunzi akikosea mtu mzima anatoka barabarani akichekwa. Blanketi la vipande lina mishono iliyonyooka tu. Ukijua kukata mraba na kushona mstari, unaweza kulimaliza. Tena vipande havinunuliwi. Mafundi wa soko la Kadutu wanapokata vikwembe, mabaki yanaanguka chini, na jioni yanafagiwa. Tulikwenda kuomba mabaki hayo. Wengine walitupa, wengine walituuzia kwa bei ya kutucheka.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana najua kuna akina mama wanaotaka kujaribu.

Kwanza kufua. Kikwembe kipya kina ugumu wa kiwandani. Ukikiosha unalegea, na kitambaa chenyewe kinasinyaa kidogo. Kile cha zamani kimekwisha kusinyaa zamani. Ukivishona pamoja bila kufua, blanketi litapendeza siku ya kwanza, lakini siku ya kulifua kipande kipya kitajivuta na mshono utakunjamana kama uso wa mtu aliyekula ndimu. Kwa hiyo kila kitu kifuliwe, na chekundu kifuliwe peke yake. Kilowesheni, kisha kibonyezeni na kitambaa cheupe. Cheupe kikitoka na rangi, rudisheni majini. Vitambaa vinavyovutika kama vya fulana tuliviweka kando, na vya nayloni vinavyoteleza pia. Pamba na pamba, mnene na mnene. Kisha pasi ya makaa, kwa sababu kitambaa chenye mikunjo hakipimiki.

Pili kipimo. Mama fundi alikata karatoni moja kutoka sanduku la sabuni, mraba wa sentimeta 12 kila upande. Katika hizo, sentimeta moja ya kila upande inaingia katika mshono, na kinachobaki kuonekana ni sentimeta 10. Alitaka vipande 12 kwa upana na 15 kwa urefu. Zidisheni wenyewe: vipande 180, blanketi la sentimeta 120 kwa 150, linalotosha watoto wawili wakilala vizuri, au mtu mzima akikunja miguu. Tuko tisa, kila mmoja alete vipande 20.

Karatoni ilikuwa moja, nasi tulikuwa na haraka. Mwenzetu mmoja akakata yake kwa kufuata ile, mwingine akafuata ya huyo, na mwingine tena ya huyo wa pili. Kila mara kalamu inapita nje ya ukingo, na kila karatoni inakuwa kubwa kuliko mama yake. Ya nne ilizidi ya kwanza kiasi cha upana wa punje ya mchele. Mama fundi alizichoma zote katika jiko lake, tukapanga zamu kwa ile moja. Tulinung'unika sana siku ile.

Tatu mshono. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoaibika.

Unaweka vipande viwili uso kwa uso, upande mzuri ndani, unashona sentimeta moja kutoka ukingo. Basi. Mimi niliona chaki ni mambo ya watoto. Nilipima kwa kidole changu, kidole kilicholima miaka thelathini. Kidole hicho ni kinene. Mshono wangu ulikula milimita 12 badala ya 10. Milimita mbili ni nini? Lakini mshono unakula pande zote mbili, hivyo kila kiungo kilipoteza milimita nne, na safu ya vipande 12 ina viungo 11. Safu za wenzangu zilikuwa sentimeta 122, yangu haikufika 118. Nilipoiweka juu ya nyingine, nikasema kwa sauti kubwa: yangu ni sawa, zao ndizo ndefu. Mnacheka? Nilisema hivyo mbele ya watu wanane. Kisha nikataka kuivuta ifike. Mama fundi akasema, ukivuta itafika leo, na kesho itarudi mahali pake na kuwavuta wengine pamoja nayo. Fumua.

Nilifumua viungo 11 kwa ncha ya wembe, na siku ile ndipo nilipouelewa mshono. Kabla ya hapo nilidhani kushona ni kuweka kitu karibu na kitu. Sivyo. Huwezi kuunganisha vipande viwili huku kila kimoja kikibaki na sentimeta zake zote 12. Kila kimoja kinatoa ukingo wake, nao unafichwa chini mahali ambapo hakuna atakayeusifu. Ukijaribu kushona bila kutoa kitu, mshono unapita kwenye nyuzi za mwisho kabisa, na siku ya kwanza mtoto akivuta blanketi, unafunguka. Na kama kimoja kinatoa sana na kingine kidogo, safu inapinda. Nimehudhuria mikutano ya upatanisho huko kwetu ambako kila upande ulikuja kuweka ukingo wake salama. Tulipewa soda, tukapigwa picha.

Basi, vipande. Jumamosi moja kila mtu alileta vyake ishirini, tukavitandaza juu ya mkeka ili tupange rangi. Mama fundi alipanga vya giza na vya mwanga kwa zamu, huku sisi tukimpigia kelele kama watu wa mpira. Katika vipande vya mama mmoja wa kilima cha ng'ambo, anayeuza ndizi, kulikuwa na kumi na tisa vya vikwembe na kimoja cheupe. Kilikuwa cha pamba nzuri, kimefuliwa sana. Mahali fulani palionekana mraba mdogo mweupe zaidi, pale mfuko ulipokuwa umeshonwa, na chini yake doa la wino. Nani asiyejua hilo ni nini? Shati jeupe la shule, la kuvaliwa na suruali ya buluu. Mama fundi akakiweka katikati, safu ya nane, kipande cha tano. Safu ya nane ilikuwa yangu.

Nikauliza shati ni la nani. Mtu akanijibu kwa sauti ndogo: la mwanawe, yule aliyekwenda na wenye silaha.

Nilikiokota nikakiweka nje ya mkeka. Nikasema: hiki mimi sikishoni. Mama wa ndizi hakusema kitu. Aliendelea kunyoosha vipande vyake vingine kwa kiganja, kama vile havikuwa vimekwisha kunyooka.

Nilingoja mama fundi anihubirie. Hakunihubiri. Alisema tu: vizuri, acha nafasi yake. Nikashona safu yangu kwa nusu mbili, vipande vinne huku, vipande saba kule, na katikati pengo. Wengine wakamaliza safu zao. Safu saba za juu zikaunganishwa, saba za chini zikaunganishwa. Tukawa na blanketi la juu na blanketi la chini, yamekunjwa kila moja upande wake wa meza, na safu ya nane juu yake imekatika. Wiki tatu zilipita hivyo. Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Lakini kila Jumatano niliyaona pale mezani, na wenzangu walianza kushona mifuko ya sokoni ili mikono isikae bure.

Halafu mmoja wetu akajifungua, msichana mdogo sana, kabla ya wakati wake, katikati ya mvua za Aprili. Tulikwenda kumwona. Mtoto alifungwa katika sweta ya baba yake. Hakuna aliyetaja blanketi. Mimi mwenyewe ndiye niliyelitaja, moyoni, njia nzima ya kurudi.

Kesho yake nilikwenda mahali mama wa ndizi anapouzia. Sikwenda kuomba radhi, nisiwadanganye. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kujua. Nikasimama kama mtu anayenunua. Nikamuuliza: alienda akiwa na miaka mingapi?

Akasema: kumi na mitatu. Na hakwenda. Alitumwa na mimi kuchota maji, Jumamosi. Shati lilikuwa juu ya kamba, mbichi, ndiyo maana lilibaki. Bidoni tuliikuta njiani.

Nikamuuliza kwa nini amelikata, kama bado anamngoja. Akanieleza kwamba imepita miaka mitatu. Hata akirudi leo, shati lile halitamwenea. Alilifua kila Jumamosi ya miaka hiyo mitatu ili lisiote ukungu, kisha akaona anafulia mtoto ambaye hayupo tena kwa kimo kile. Alitaka kipande chake kimoja kilale mahali penye watu.

Mimi nyumba yangu ilichomwa usiku. Waliokuja walikuwa na bunduki na sauti. Sikuona nyuso zao, sikujua miaka yao. Sijui kama mtoto yule alikuwapo. Mama yake naye hajui, na aliniambia hivyo bila mimi kumuuliza: sijui wamemtuma wapi, sijui alifika kwenu au hakufika. Tulikaa tukiangalia ndizi. Nilinunua chache, nikaenda.

Ndugu wasikilizaji, nisipite hapa bila kusema neno la sheria, maana wazazi wengi wanadhani hakuna sheria. Ipo. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwingiza katika jeshi au katika kikundi cha silaha mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Na hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya huko La Haye, mwezi wa Machi 2012, ilimkuta na hatia Mkongomani, Thomas Lubanga, aliyekuwa mkuu wa kikundi cha silaha huko Ituri, kwa kosa la kuwatumia katika vita watoto chini ya miaka 15. Alipewa kifungo cha miaka 14. Kwa hiyo mtoto aliyechukuliwa njiani kwenye maji ametendewa kosa, hata kama baadaye alishikishwa bunduki. Mimi nilikuwa nimeyasikia hayo redioni mara nyingi. Hayakuniingia mpaka nilipoona mahali palipokuwa na mfuko wa shati.

Jioni ile nilichukua safu ya nane nyumbani. Nilishona kipande cheupe kwa mkono, chini ya taa ya mafuta, upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Jumamosi nikampelekea mama fundi nikitazamia atafurahi. Alikigeuza, akaangalia nyuma, akasema: upande wa kulia umepinda, fumua. Nikamwambia, mama, hujui nilivyohangaika kukishona hicho. Akasema anajua vizuri, ila mtoto atakayelala chini yake hatajua, atasikia baridi tu inayopita. Nikafumua. Mara ya pili nilitumia chaki.

Nimesahau kuwaambia jambo la pasi, na bila hilo kona hazikutani. Safu ya kwanza, mishono yote ilazeni kulia kwa pasi. Safu ya pili ilazeni kushoto. Mkiweka safu hizo mbili uso kwa uso, unene wa mshono mmoja unaingia pembeni mwa mwingine, unausikia kwa vidole, vinashikana kama meno ya juu na ya chini. Hapo shoneni bila wasiwasi. Mkilaza yote upande mmoja, mtapata vilima.

Uso wa blanketi ukikamilika, kazi ni nusu. Blanketi la vipande lina matabaka matatu. Chini tuliweka shuka la buluu tulilolichangia, kubwa kuliko uso kwa sentimeta tano kila upande. Katikati tuliweka blanketi kuukuu lililochakaa, na pale lilipotoboka tukajaza sweta zilizopasuliwa na kulazwa ukingo kwa ukingo, zisipandane, kwa sababu zikipandana mtu analala juu ya mgongo wa ng'ombe. Juu uso. Tukapiga bandi kwa uzi mrefu, kuanzia katikati kwenda pembeni, ili hewa na mikunjo vifukuzwe nje. Ukianza pembeni, mikunjo yote inakimbilia katikati na kukungoja hapo.

Kushikiza matabaka, wenye ujuzi wanashona mistari midogo midogo juu ya blanketi zima. Sisi wanafunzi tulifunga mafundo. Kila mahali kona nne zinapokutana, sindano inashuka na uzi mara mbili, inapanda karibu yake, unafunga kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Usifunge mara mbili upande uleule, litafunguka. Kona zilikuwa 154. Kwa kazi hiyo tulikaa kulizunguka, wanne upande huu, watano upande ule, magoti chini ya blanketi, na uzi ukipungua ulimwomba aliye mbele yako. Aliye mbele yangu alikuwa mama wa ndizi. Siku ile tulisema uzi, makasi, sogeza, aksanti. Tuliyosema mengine yalikuwa juu ya bei ya chumvi.

Niingize jambo moja la mbali. Binti yangu aliyesoma aliniletea kitabu chenye picha za mablanketi ya namna hii. Kumbe wanawake weusi wa kijiji kinachoitwa Gee's Bend, katika jimbo la Alabama huko Marekani, wanajulikana dunia nzima kwa hayo. Watu hao ni wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba. Mwaka 1942 mama mmoja wa hapo, Missouri Pettway, alifiwa na mume. Akachukua nguo za kazi za marehemu, za shambani, zilizopauka magotini, akazipasua na kushona blanketi la kujifunika, binti yake akimsaidia. Niliitazama picha ile muda mrefu. Yale magoti yanaonekana, kama ule mfuko wetu. Na huko India, katika Karnataka, kuna watu wanaoitwa Wasidi, ambao babu zao walitolewa Afrika, na wengi wao walifikishwa Goa kama watumwa wa Wareno. Wanawake wao wanashona blanketi linaloitwa kawandi, bila karatoni, kuanzia pembeni kwenda katikati, na kwenye kona nne lazima washone vipande vidogo vilivyokunjwa wanavyoviita maua. Bila maua hayo blanketi linahesabiwa kuwa uchi. Nilipomwambia mama fundi kwamba kuna wanaoanzia pembeni bila kipimo, alikaa kimya, halafu akasema: hao si wanafunzi.

Tulipomaliza pindo, kitambaa cha sentimeta sita kilichokunjwa kuzunguka ukingo, ndipo ugomvi wa kweli ulipozuka. Blanketi ni la nani? Watu tisa, blanketi moja. Mwenye mashini alisema yeye halitaki. Waliozaliwa Bukavu walisema wakimbizi watalichukua siku wakirudi milimani. Wakimbizi tulisema wenyeji wana mablanketi tayari. Na mimi, mwenye kuwaambia habari hizi nzuri, nilisema kwamba bila safu yangu lisingekuwapo, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa kila mtu pale. Mwenzetu mmoja alitoka akaenda zake.

Suluhisho lilitoka kwa mdogo wetu wa umri. Alisema: sisi sote tuko katika likelemba ya pesa. Kila mwezi mmoja anapokea, na hakuna anayeuliza noti ni ya nani. Tufanye likelemba ya blanketi. Mwezi mmoja kwa kila nyumba, aanze aliyejifungua, na kila anayelitoa alitoe limefuliwa na kukauka. Tukaandika zamu kwenye karatoni ile ile ya sanduku la sabuni, upande wa nyuma. Kulikuwa na masharti mengine juu ya watoto wanaokojoa kitandani, ambayo sitayasema redioni.

Baadaye tulishona mengine, na leo karibu kila mmoja wa wale tisa ana lake. Yalikuja manyofu zaidi. Lakini lile la kwanza bado linazunguka kwa zamu, hata kwa wenye mablanketi mapya, na wawili wamehama kartie na wanakuja kulichukua kwa mguu. Msinihesabie mimi na mama wa ndizi kuwa marafiki wakubwa. Sijafika kwake kula, naye hajafika kwangu. Tunasalimiana, tunaulizana hali ya mwili na ya biashara. Mwanawe hajarudi. Nami kilimani kwetu sijarudi.

Mwezi huu blanketi liko kwake. Nilimpelekea mwenyewe, maana zamu yangu ndiyo iliyotangulia yake. Nilimwambia kile kipande cheupe kinashika uchafu haraka kuliko vingine, nimekisugua lakini doa la wino halitoki, ajaribu kwa sabuni ya kipande. Alilipokea, akatafuta kipande chenyewe kwa kidole, akasema nisiwe na wasiwasi, hilo doa analijua.